Batman, Dracula na mumiani wa Ujiji

Mwaka 2005, mwaka uleule ambao majumba ya sinema yalionyesha Batman Begins, filamu nyingine ya shujaa huyohuyo ilitoka kimyakimya, ya katuni, nayo haikupitia majumba hayo bali ilikwenda moja kwa moja kwenye DVD. Jina lake ni The Batman vs. Dracula. Iliongozwa na Michael Goguen, mswada wake ukaandikwa na Duane Capizzi, na wahusika wake wakachukuliwa kutoka katika mfululizo wa katuni ulioanza kuonyeshwa mwaka 2004 na kuendelea hadi 2008. Wapenzi wengi wa Batman hawaikumbuki wanapotaja filamu zake bora, na sina ugomvi nao. Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba filamu hii, ikitazamwa Kigoma na mtu aliyelelewa kwa hadithi za mumiani, mtu anayesemekana kuwavuta watu damu, hugeuka ikawa filamu nyingine kabisa, kwa sababu mtu wa kuogopwa ndani yake haonekani tena kuwa yule aliyekusudiwa na watengenezaji.

Kisa chenyewe kinaanza kwa uroho. Penguin na Joker wanatoroka Arkham, mahali wanapofungwa wahalifu wenye wazimu wa mji wa Gotham, na kila mmoja anakimbilia makaburini kutafuta hazina inayosemekana kufichwa huko. Joker anapambana na Batman njiani, anatumbukia majini huku umeme ukimpiga, na watu wote wanaamini kwamba amekufa. Penguin anafika makaburini peke yake, anaingia katika chumba cha chini ya ardhi, anafungua jeneza akidhani ndimo ilimo dhahabu, anajikata mkono, na damu yake inadondokea mifupa iliyomo. Mifupa hiyo ni ya Dracula, mnyonya damu. Kuanzia hapo Penguin anakuwa mtumwa wa yule aliyemwamsha, watu wa mji wanaanza kutoweka usiku mmoja baada ya mwingine, na Batman analazimika kumkabili adui ambaye ngumi na vifaa vyake vya kawaida havimtikisi.

Kwa filamu iliyolengwa watoto, inatisha kwa kiwango ambacho sikukitarajia. Waliotekwa na Dracula hawafi. Wanageuzwa kuwa viumbe wenye macho mekundu wanaotambaa ukutani, na filamu haiharakishi kutuonyesha wako wapi, bali inaacha tuwasikie kwanza. Sauti ya Dracula imetolewa na Peter Stormare, mwigizaji wa Sweden, ambaye hakupiga kelele hata pale ambapo waigizaji wengi wangepiga. Joker wa mfululizo huu, mwenye nywele ndefu zilizotimka na asiyevaa viatu, alikuwa akinichosha katika vipindi vya kawaida vya televisheni, lakini anapoumwa na Dracula na kurudi akiwa mnyonya damu anakuwa kiumbe ambacho hata mtu mzima angekwepa kukutana nacho gizani. Nadhani ni kwa sababu kicheko chake hakibadiliki. Kila kitu kingine katika mwili wake kimeharibika, ila kicheko ni kilekile.

Dracula mwenyewe ana historia ndefu, na waandishi wa filamu waliijua. Bram Stoker, Mwairishi aliyezaliwa Dublin mwaka 1847 na aliyefanya kazi miaka mingi katika ukumbi wa maigizo wa Lyceum jijini London, alichapisha riwaya yake mwaka 1897. Ndani yake Dracula ni bwana mkubwa wa nchi ya mbali anayenunua nyumba Uingereza, anaweka mawakili, anasafirisha masanduku 50 ya udongo kwa meli, na anatembea mchana mitaani bila kudhurika, ingawa nguvu zake hupungua jua likiwa juu. Habari ya kwamba jua humuua haimo katika riwaya hiyo. Ilienezwa na filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922, Nosferatu, iliyotengenezwa bila idhini ya mjane wa Stoker, naye akaishitaki na kupata amri ya mahakama ya kuteketeza nakala zake. Nakala chache zilinusurika, na pamoja nazo likanusurika wazo la jua, ambalo filamu ya Batman inalitegemea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hata jina analolitumia Dracula anapohudhuria karamu nyumbani kwa Bruce Wayne, tajiri ambaye ndiye Batman mwenyewe, la Daktari Alucard, limechukuliwa kutoka katika filamu ya mwaka 1943 na si jipya hata kidogo. Huyu ni mnyonya damu anayepiga hodi mlango wa mbele, aliyevaa vizuri, mwenye cheo cha kisomi, na anayekaribishwa ndani na mwenye nyumba.

Hapo ndipo mtu wa kwetu anapoanza kukaa vizuri kitini.

Mumiani niliyesimuliwa na bibi yangu, Ujiji, hakuwa na meno marefu. Hakuwa jini wala mzimu, na hakuwa na jeneza. Alikuwa mtu mwenye gari, mara nyingi gari la serikali au la kampuni, lililopita usiku bila taa au lenye taa moja. Alivaa sare au koti la kazi. Alikuwa na sindano au kifaa cha mpira cha kuvutia damu, na damu aliyoivuta haikuwa ya kunywa bali ya kutengenezea dawa, dawa ambayo ingewaponya watu wengine mahali pengine, watu tusiowajua. Bibi alilisisitiza hilo la mwisho kuliko yote. Mumiani mwenyewe, alisema, huenda hata hakujua dawa ile iliponya nini. Yeye alikuwa na mshahara wake na alikuwa akitimiza kazi. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kupanda gari la mtu tusiyemjua na kukatazwa kupita peke yetu karibu na majengo yaliyofungwa madirisha mchana, na sheria hizo hazikuhitaji maelezo zaidi ya jina hilo moja.

Hadithi hizi hazikuwa za Ujiji peke yake. Kampala na Nairobi walioshukiwa zaidi wakati wa ukoloni walikuwa wazimamoto na magari yao mekundu. Zambia ya leo walikuwapo banyama, na ng'ambo ya ziwa letu, Katanga, waliogopwa batumbula. Mwanahistoria Luise White alizikusanya habari hizo kwa miaka mingi na mwaka 2000 akatoa kitabu kinachosema, kwa kifupi, kwamba si busara kuzitupa kapuni kama ujinga wa watu wasiosoma, kwa kuwa ndani yake watu walikuwa wakizungumza kwa makini kuhusu kazi, mishahara, hospitali na mamlaka ambayo hayakuwapa majibu. Nakubaliana naye, na kwa upande wa Kigoma naona sababu iko karibu sana. Wajerumani walijenga kambi za wagonjwa wa malale kando ya Ziwa Tanganyika kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliowafuata waliwahamisha watu wa magharibi ya Tanganyika na kuwaweka katika makazi ya pamoja ili kuwatenga na mbung'o. Kambini watu walitobolewa, majimaji ya mwili na damu yao yakawekwa chini ya hadubini, na mengi ya yaliyoamuliwa baada ya hapo hawakuambiwa. Robert Koch, daktari maarufu wa Ujerumani, aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, mwaka 1906 na 1907, kwa dawa ya atoksili yenye arseniki ndani yake, na baadhi ya wagonjwa hao walipofuka. Sasa mtu aliyemwona ndugu yake akitolewa damu akiwa anaona, kisha akarudi haoni, amwiteje aliyeshika sindano?

Niliitazama filamu hii mara ya kwanza katika kibanda cha video Mwanga, katika miaka ambayo umeme wa Kigoma ulitoka kwenye majenereta ya dizeli na kukatika kwake hakukumshangaza mtu. Sikuona lolote nililolieleza hapa. Niliona Batman akimshinda Dracula, nikafurahi, nikaenda zangu. Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Ujiji, ambaye nilimwonyesha filamu hiyo kwenye kompyuta wakati wa likizo.

Tulifika pale ambapo Joker, akiwa tayari ameshageuka, anavamia benki ya damu. Batman anamfuata huko, anamkamata, anampeleka kwenye pango lililo chini ya nyumba yake, anamfunga, na kuanza kuichunguza damu yake ili apate dawa ya kuwaponya wote walioumwa. Filamu inatupitisha katika maabara: mirija, mashine, kompyuta kubwa, na mgonjwa aliyefungwa akipiga kelele na kucheka kwa zamu. Ni sehemu nzuri kuliko zote kwa utengenezaji, na ni sehemu ambayo mtazamaji anatakiwa kumwonea fahari Batman, kwa sababu haui, anatibu. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, kwani huyu naye si mumiani?"

Nilimjibu kwamba hapana, huyu anatafuta dawa. Akaniambia, "Na mumiani si ndivyo Bibi anavyosema, anatafuta dawa?"

Tangu siku hiyo nimeitazama filamu nikifuata swali lake, na kila ninapofika inazidi kumpa haki. Bwana mmoja tajiri anaishi nje kidogo ya mji katika nyumba kubwa isiyo na familia, ila mtumishi mmoja anayejua siri na hasemi. Chini ya nyumba kuna pango. Usiku anatoka na gari jeusi ambalo hakuna anayejua limesajiliwa wapi. Anawachukua watu, anawafunga, anatoa damu yao, anaipeleka maabara, na inatokea dawa. Mchana anafanya karamu na kusalimiana na wakubwa wa mji. Mpe bibi yangu maelezo hayo bila kumtajia jina, kisha umwambie kwamba kuna mgeni mwingine, mrefu, aliyelala miaka mingi kaburini na anayeshikwa na kiu. Huyo wa kaburini angemwita shetani na kumsomea dua. Huyo mwenye gari angetukataza kumkaribia.

Watengenezaji hawakuwa vipofu kabisa kuhusu jambo hili. Katika filamu yenyewe, watu wanapoanza kutoweka, lawama za Gotham zinamwangukia Batman kwanza, na polisi wanamwinda yeye. Lakini kwa filamu hilo ni kosa la kusahihishwa: watazamaji tunajua ukweli, tunawahurumia wananchi kwa kutojua kwao, na tunasubiri wafunguliwe macho. Haiulizwi hata mara moja kama wananchi hao wana sababu. Mimi naona wanayo. Mtu aliyejifunika uso, asiyeajiriwa na yeyote wala kuwajibika kwa yeyote, ameonekana gizani mahali ambapo watu wametoweka. Kumshuku si ujinga; ni kutumia akili waliyonayo kwa ushahidi walionao.

Ni haki pia kumpa Batman anachostahili. Alipoanza kuchapishwa mwaka 1939, katika toleo la 27 la Detective Comics, kazi ya Bob Kane na Bill Finger, hakuwa mpole hivi. Miezi michache tu baadaye, katika matoleo ya 31 na 32 ya mwaka huohuo, alikutana na mnyonya damu aitwaye Monk, akayeyusha sanamu ya fedha ili apate risasi, akamkuta amelala katika jeneza lake na kumpiga risasi humohumo. Batman wa 2005 hafanyi hivyo kwa walioumwa. Anasisitiza kwamba ni watu wa Gotham, kwamba ni wagonjwa, na kwamba watarudi nyumbani. Huo ni utu, na ndio unaoifanya filamu iwe nzito kuliko mapigano yake. Mtihani ni kwamba utu huo unapitia kwenye mwili wa Joker, ambaye hakuna aliyemwomba ruhusa na ambaye filamu inajua hatutamhurumia. Angekuwa amechagua mtu mwingine miongoni mwa wale waliotekwa, mama muuza duka kwa mfano, nadhani watazamaji wote wangetikisika katika viti vyao.

Riwaya ya Stoker ililishughulikia jambo hilihili kwa njia iliyo kinyume kabisa, na sidhani kama ni bahati tu. Humo, Lucy anapoishiwa damu kwa sababu ya Dracula, wanaume wanne kwa zamu wanatoa damu yao wenyewe na kumwekea. Kwa elimu ya leo tunajua kwamba wangeweza kumuua, kwani makundi ya damu yalikuja kuelezwa na Karl Landsteiner mwaka 1901, miaka minne baada ya riwaya kutoka. Lakini tofauti kati ya mwema na mwovu katika kitabu hicho iko wazi hata kwa mtoto: mwovu anachukua damu, wema wanatoa yao. Batman hatoi hata tone. Anachukua, anapima, anatengeneza, anagawa. Kama kuna mtu anataka kujua kwa nini mpwa wangu alichanganyikiwa, jibu ni hilo. Hadithi ya damu aliyoisikia kwa bibi yake ina mtu mmoja tu anayechukua, anayetengeneza na anayegawa.

Sehemu ya Vicki Vale sitaikalia sana kwa sababu filamu yenyewe haikumjali. Ni mwandishi wa habari, mhusika aliyekuwapo katika katuni za Batman tangu 1948, anaanza kwa maswali makali na kuishia amelazwa juu ya jiwe akisubiri roho yake itumike kumfufua Carmilla, mke wa Dracula. Carmilla naye ni wa kuazimwa. Alikuwa mhusika mkuu wa hadithi ya Sheridan Le Fanu, Mwairishi mwingine wa Dublin, iliyotoka mwaka 1872, miaka 25 kabla ya Dracula kuchapishwa, na huko hakuwa akimsubiri mume yeyote. Kumpunguza hadi akawa mifupa ya bibi harusi ni uvivu.

Mwisho wa Dracula, kwa upande mwingine, umefikiriwa vizuri. Mapema katika filamu tunaonyeshwa mashine ambayo Bruce Wayne anaifanyia majaribio, ya kuhifadhi nguvu ya jua, na hakuna anayeitilia maanani. Pambano la mwisho linafanyika pangoni, usiku, mahali ambapo Dracula hana sababu ya kuogopa kitu, na ndipo Batman anapomwachilia mwanga uliohifadhiwa. Nilikuwa na rafiki kutoka Katonga, kijana wa dagaa, aliyeishangilia sehemu hiyo kuliko sisi wote, na sikuelewa kwa nini hadi aliponieleza kwamba kwake si jambo la ajabu hata kidogo: sasa hivi taa za kuvulia dagaa zinachajiwa kwa sola mchana, zinawashwa ziwani usiku wa giza, na dagaa wanakusanyika chini yake wakidhani wanajua ni kitu gani. Kwa maoni yake Dracula alivuliwa. Sijawahi kusoma uhakiki wa filamu hii uliosema jambo la maana kuliko hilo.

Kuhusu pango lenyewe, kuna kitu kidogo ambacho nimekuja kukiona baada ya kurudia mara kadhaa. Mnyonya damu anaangamia katika chumba kilekile alimofungwa Joker, kwa mashine za mtu yuleyule, na baada ya hapo chumba kinabaki kama kilivyokuwa. Dawa imepatikana, walioumwa wamepona, lakini hakuna mwananchi wa Gotham anayefahamu ilitengenezwa wapi, wala kutokana na nini. Mpwa wangu alitaka kujua kama wale waliopona waliambiwa. Nikamwambia filamu haionyeshi. Akataka kujua kama Joker mwenyewe aliambiwa. Nikamwambia Joker alikuwapo.

Anayebaki ni Penguin. Yeye ndiye aliyemwaga damu ya kwanza, yeye ndiye aliyetumikishwa tangu usiku ule wa makaburini, na yeye ndiye anayekamatwa na kurudishwa Arkham akijitetea kwamba aliyefanya yote ni Dracula. Ni mwizi na mwongo, na safari hii anasema kweli tupu: kuna mtu mjini alikuwa akinyonya watu damu. Hakuna anayemsikiliza. Bibi alikuwa ameingia chumbani na chai yake wakati huo, akasimama nyuma yetu akitazama jamaa mfupi mwenye pua ndefu akiburutwa na askari, akauliza huyo amefanya nini. Mpwa wangu akamweleza kisa chote, kirefu, tangu jeneza hadi pango, gari, maabara na sindano. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule mwenye nyumba kubwa alikamatwa.